Muwasho wa fangasi ukeni unarudi kila baada ya miezi miwili: nitumie dawa gani?

"Daktari, pole na kazi. Nina miaka 29, nimeolewa, sijapata mtoto bado. Tangu mwaka jana nasumbuliwa na fangasi ukeni. Mara ya kwanza walikuja baada ya kumaliza antibayotiki za tonsili. Duka la dawa wakanipa kidonge kimoja cha kumeza, nikapona. Baada ya miezi miwili wakarudi, nikameza kile kile. Sasa ni mara ya nne ndani ya miezi tisa, na safari hii kidonge hakijanisaidia. Muwasho unazidi wiki moja kabla ya hedhi. Ute mara nyingine ni mweupe mzito, mara nyingine ni mwepesi. Naosha ndani kwa sabuni asubuhi na jioni, na rafiki yangu amenishauri niweke kitunguu saumu. Mume wangu hana dalili yoyote, ila naambiwa yeye ndiye anayeniambukiza upya. Tunatafuta mtoto huu mwezi wa tatu, na nimesikia fangasi wanaziba mirija ya uzazi. Naomba unitajie dawa kali ya kumaliza tatizo hili moja kwa moja."

Dada yangu, pole sana. Muwasho wa sehemu hiyo unamnyima mtu usingizi na utulivu, na mara nyingi anauvumilia peke yake kwa sababu hajui aanze kumweleza nani. Umefanya vizuri kueleza yote bila kuficha, maana mambo madogo uliyoyaandika ndiyo yatakayotusaidia.

Nianze na hofu ya mirija, nadhani ndiyo inayokuuma zaidi. Fangasi wa ukeni hawazibi mirija ya uzazi. Wanakaa juu ya ngozi laini ya uke na mashavu yake, wanaiwasha na kuivimbisha, lakini hawapandi kupita mji wa mimba hadi kwenye mirija. Wanaofanya hivyo ni bakteria, hasa wa klamidia na kisonono, ambao wanaweza kuishi kwa mwanamke muda mrefu bila kumwonyesha dalili. Uvumi umezaliwa hapo: kila kinachotoka ukeni kinaitwa uchafu, kila uchafu unaitwa fangasi, kisha madhara ya ugonjwa mmoja yanabandikwa mwingine. Na miezi mitatu ya kutafuta mtoto si muda wa kukutia wasiwasi. Katika kila wanandoa 100 wanaokutana bila kuzuia mimba, zaidi ya 80 hupata ujauzito ndani ya mwaka mmoja, na wengi hawaupati katika miezi ya mwanzo.

Umeniomba dawa kali. Nitazitaja dawa zote hapa chini, kwa majina na kwa vipimo. Ila kwanza niseme wazi: katika maelezo yako yote, sijaona mahali ulipopimwa. Mara nne umenunua dawa kwa kuongozwa na muwasho, na muwasho hausemi umetoka wapi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2002 uliwapima wanawake 95 waliokuwa wamejinunulia dawa ya fangasi. Takriban theluthi moja tu ndio waliokutwa na fangasi peke yao. Waliobaki walikuwa na kitu kingine, au fangasi waliochanganyika na kitu kingine, na baadhi hawakuwa na maambukizi yoyote. Hata sisi madaktari tukikisia kwa macho bila kupima tunakosea mara nyingi.

Fangasi wenyewe kwa kawaida hujitambulisha hivi: muwasho mkali, mashavu ya uke kuwa mekundu na kuvimba, wakati mwingine michaniko midogo kama umekwaruzwa na karatasi, mkojo kuchoma unapogusa nje, maumivu wakati wa tendo, na ute mweupe mzito unaofanana na maziwa yaliyoganda. Harufu huwa hakuna, au ni hafifu. Ukiona ute mwepesi wa kijivu wenye shombo ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, hapo ni bakteria wa ukeni waliovurugika, na dawa ya fangasi haiwagusi kabisa. Ute wa kijani au wa njano wenye povu unanifanya nifikirie trikomona, ambaye ni ugonjwa wa zinaa. Malengelenge au vidonda vinavyouma vinaweza kuwa herpesi ya sehemu za siri, inayoletwa na virusi. Na kuna wanawake wenye mzio wa sabuni, pedi zenye manukato au hata krimu yenyewe ya fangasi, ambao wanawashwa kila siku na kila siku wanaongeza kile kile kinachowawasha. Ninapokusoma unasafisha ndani kwa sabuni mara mbili kwa siku, na kwamba ute wako hubadilika, siwezi kuyaacha hayo yapite.

Lakini pia simaanishi kwamba umekosea tangu mwanzo. Tukio lako la kwanza lina sura kamili ya fangasi, na nikikueleza wanavyoishi utaona kwa nini.

Kimelea anayehusika zaidi anaitwa kandida, na aina yake inayoongoza kwa mbali ni kandida albikansi. Kati ya wanawake wazima 100 wasio na dalili yoyote, 10 hadi 20 wanaye ukeni, katulia, wala hawahitaji dawa. Anaishi pamoja na bakteria wema waitwao laktobasili, ambao hutengeneza tindikali na kuufanya uke uwe mchachu kiasi cha kuwazuia wavamizi wengi. Antibayotiki ulizomeza kwa ajili ya tonsili hazikuchagua: ziliua bakteria wa kooni na hawa walinzi pia. Kandida si bakteria, hivyo antibayotiki hazikumdhuru; akabaki na uwanja mtupu. Akipata nafasi hubadilika umbo, kutoka duara dogo na kuwa nyuzi ndefu zinazojichomeka kwenye ngozi, na nyuzi hizo hutoa sumu inayotoboa seli. Uwekundu na muwasho unaousikia sehemu kubwa ni kinga ya mwili wako ikipambana na uvamizi huo. Ndiyo maana mwanamke mmoja akiwa na kandida kidogo tu anawashwa hadi machozi, na mwenzake akiwa naye kwa wingi hana habari.

Homoni ya estrojeni nayo inampendelea kandida, kwa sababu inaijaza ngozi ya uke akiba ya sukari anayoifurahia. Kwa hiyo ugonjwa huu ni nadra kwa msichana ambaye hajavunja ungo na kwa mwanamke aliyekoma hedhi asiyetumia homoni, lakini ni mwingi wakati wa ujauzito. Kuzidi kwako kabla ya hedhi kunalingana na mwendo huo. Wengi husema wanapata nafuu damu ikianza kutoka. Hata hivyo tahadhari: kuna hali nyingine, ya laktobasili kuzidi mno, ambayo pia huwasha wiki hiyo hiyo na hutoa ute mweupe, na dawa za fangasi haziitibu. Hadubini ndiyo inayozitofautisha. Kwingine pa kuangalia ni sukari ya damu iliyopanda, dawa mpya za kisukari zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, dawa za jamii ya steroidi, na kinga iliyoshuka. Mtu anayepata fangasi mara nne ndani ya miezi tisa nampima sukari na virusi vya UKIMWI. Sifanyi hivyo kwa kumshuku. Ni vipimo viwili vyepesi, na wanawake wengi wa kundi hili hukutwa hawana lolote kati ya hayo mawili.

Sasa dawa. Karibu zote unazoziona dukani ni za ukoo mmoja, zenye majina yanayoishia na "zoli": klotrimazoli, mikonazoli, flukonazoli. Zote zinamzuia kandida asitengeneze mafuta maalumu anayojengea ukuta laini wa seli yake. Binadamu hatuna mafuta hayo. Sisi tunatumia kolesteroli, na ndiyo sababu dawa inamuumiza yeye na kutuacha sisi. Ukuta ukidhoofika, hakui tena. Angalia neno hilo, hakui: kinga yako ndiyo inayomalizia kazi. Kwa hiyo nafuu huja taratibu, siku mbili au tatu, na ngozi iliyochubuka huweza kuchukua wiki nzima kutulia. Wengi huamka kesho yake bado wanawashwa, wakasema dawa imegoma, wakaongeza nyingine.

Kwa tukio la kawaida lisilo kali, una njia mbili na matokeo yake yanakaribiana sana. Njia ya kwanza ni kidonge au krimu ya kuweka ukeni: klotrimazoli ya miligramu 500 mara moja tu, au ya miligramu 200 kwa usiku tatu, au ya miligramu 100 kwa usiku sita au saba. Kidonge cha mara moja kina dawa nyingi zaidi ndani yake, kwa hiyo hakizidiwi na kile cha wiki nzima. Njia ya pili ni flukonazoli miligramu 150 ya kumeza, mara moja. Zote hutuliza dalili kwa wanawake 80 hadi 90 kati ya 100 wanaomaliza dozi. Cha kumeza ni rahisi na hakichafui nguo, ila kinaweza kuleta kichefuchefu au kichwa kuuma, kinagongana na dawa kadhaa zikiwemo ya kuzuia damu kuganda iitwayo wafarini na baadhi ya dawa za moyo na kifafa, na hakifai kwa mjamzito. Cha ukeni kinatulia pale pale kilipowekwa, kinaweza kuchoma kidogo siku ya kwanza, na mafuta yake hudhoofisha kondomu za mpira, jambo ambalo maelezo kwenye boksi mara nyingi huliandika kwa herufi ndogo. Ukiwa umechubuka nje, krimu kidogo ya kupaka kwenye mashavu ya uke inasaidia sana kuliko watu wanavyodhani.

Mashambulizi makali, yenye uvimbe mkubwa na michaniko, hayaponi kwa dozi moja. Hapo tunatoa dawa ya ukeni kwa siku 7 hadi 14, au flukonazoli mbili zilizotenganishwa kwa saa 72. Inawezekana kabisa mara yako ya nne ilikuwa ya aina hii, na ukapewa dawa sahihi kwa kiasi pungufu.

Inawezekana pia kandida wako si albikansi. Yupo ndugu yake aitwaye kandida glabrata ambaye flukonazoli humsumbua kidogo tu, na mwingine, kandida krusei, ambaye kwa maumbile yake haimwathiri. Na albikansi mwenyewe anaweza kujenga usugu akikutana na kidonge kile kile mara kwa mara. Kuwajua hawa kunahitaji kipimo cha kuotesha vimelea. Glabrata akithibitishwa, tunatumia kidonge cha asidi ya boriki ya miligramu 600 kinachowekwa ukeni kila usiku kwa wiki mbili hadi tatu, au nistatini ya ukeni. Asidi ya boriki inafaa, lakini naiogopa isipotumiwa kwa uangalifu: ni sumu ikimezwa, inaweza kuua, na haitumiki kwa mjamzito wala kwa mtu anayetafuta ujauzito mwezi huo. Tafadhali usiinunue kwa kujisomea.

Wewe umeingia kwenye kundi tunaloliita la fangasi wanaojirudia. Miongozo mingine huhesabu mara tatu kwa mwaka, mingine mara nne. Kundi hili lina matibabu yake, na hapa ndipo kidonge kimoja kila baada ya miezi miwili kinapokosea. Kwanza tunamdhoofisha kandida kwa flukonazoli tatu, siku ya 1, ya 4 na ya 7, au kwa dawa ya ukeni ya siku 7 hadi 14. Kisha tunamzuia asirudi kwa flukonazoli moja kila wiki kwa miezi sita. Utafiti uliochapishwa 2004 ulionyesha kuwa zaidi ya 90 kati ya kila wanawake 100 waliofuata mpango huo walimaliza miezi sita bila kuugua tena. Kwa wale waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 36. Lakini miezi sita baada ya kuacha, waliobaki salama walikuwa 43 tu kati ya 100. Kwa hiyo siwezi kukuahidi "moja kwa moja" uliyoiomba. Ninachoweza kukuahidi kwa haki ni muda mrefu wa nafuu, ngozi kupata nafasi ya kupona, na kwa karibu nusu yenu, kutorudi tena angalau kwa miezi hiyo iliyofuatiliwa katika utafiti. Zipo dawa mpya mbili zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2021 na 2022, ibreksafungepi na otesekonazoli, lakini zote mbili hazifai kwa mwanamke anayetafuta mimba, hivyo sitazirefusha hapa.

Na wewe unatafuta mimba. Jambo hili linabadilisha ushauri wangu wote. Flukonazoli kwa dozi kubwa za muda mrefu katika miezi ya mwanzo ya ujauzito imehusishwa na kasoro za mtoto, na hata dozi ndogo katika baadhi ya tafiti imehusishwa na mimba kuharibika. Kidonge ulichomeza ukiwa hujui ni mjamzito si sababu ya kuingiwa na hofu kuu, ila mpango wa kila wiki kwa miezi sita huku hamzuii mimba siwezi kuukubali. Una chaguo mbili za kuzungumza na mume wako. Mnaweza kuahirisha mtoto kwa miezi sita, mkatumia uzazi wa mpango, mkamaliza matibabu. Au mkaendelea kutafuta, na wewe ukatumia dawa za ukeni tu: kwanza klotrimazoli ya wiki moja hadi mbili, halafu kidonge cha ukeni kwa vipindi atakavyokupangia daktari wako. Njia hii ya pili inachosha zaidi na ushahidi wake ni mdogo, lakini mimba ikitokea katikati hutakuwa na majuto. Kwa umri wa miaka 29 hakuna inayokupotezea nafasi. Mimi, nikisikia jinsi ulivyouliza habari za mtoto, ningeanza na ya pili. Kuanzia sasa, hedhi ikichelewa hata siku chache, pima ujauzito kabla ya kumeza flukonazoli. Ukikuta ni mjamzito, tiba ni klotrimazoli au mikonazoli ya ukeni kwa siku saba, basi.

Mume wako mwondolee lawama. Fangasi hawa hawahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Wanampata hata msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanamume, na tafiti za kuwatibu waume wasio na dalili hazikupunguza kujirudia kwa wake zao. Angekuwa na muwasho na wekundu kwenye kichwa cha uume, angepewa krimu yake. Mambo yatabadilika kipimo kikionyesha trikomona, klamidia au kisonono: hapo mnatibiwa wote wawili, siku moja, na mnapumzika kukutana hadi mmalize.

Sabuni ya ndani iache leo, usisubiri kipimo. Naelewa kwa nini unafanya hivyo; mwanamke anayeambiwa fangasi ni uchafu atasugua. Fangasi si uchafu wala dalili ya uzembe. Uke unajisafisha wenyewe kwa ute wake, na sabuni inawaondoa wale laktobasili tunaowahitaji warudi, kisha inaichubua ngozi ambayo tayari inauma. Osha nje tu, kwa maji matupu. Siki, maji ya chumvi na dawa za kuulia vijidudu navyo vinaingia kwenye katazo hilo. Kitunguu saumu ni kweli huua kandida ndani ya chupa ya maabara, lakini ukeni hakijathibitika kuponya, na nimewaona wanawake waliokuja na ngozi iliyoungua kabisa kwa ajili yake. Maziwa ya mtindi hayatakuunguza, ila bakteria wake si wale wakaao ukeni, na hatuna ushahidi wa kutosha kuyaita dawa. Chupi ya pamba isiyobana na kubadilisha nguo zenye jasho vinapunguza kero, havitibu.

Nenda kituo cha afya wiki hii, usimeze kidonge cha tano. Ningekutaka uende siku muwasho upo, ukiwa hujaweka dawa yoyote ukeni kwa siku kadhaa, na usiwe kwenye hedhi. Mwombe anayekupima afanye mambo matatu: akuangalie kwa macho nje na ndani, apime uchachu wa ute, na achukue ute kwa kijiti cha pamba kwa ajili ya hadubini na kuotesha vimelea. Kandida anapokuwepo peke yake uchachu huwa wa kawaida, kipimo chake (pH) hakizidi 4.5; namba ikizidi hapo, yaani uchachu umepungua, msukume atafute bakteria au trikomona. Kipimo cha mkojo peke yake, ambacho wengi wenu mnapewa, hakijibu swali hili. Omba na vipimo vya klamidia, kisonono, sukari na virusi vya UKIMWI siku hiyo hiyo.

Usisubiri miadi, nenda mara moja, ukipata homa, maumivu ya tumbo la chini, kutokwa damu nje ya hedhi, vidonda, au ute wenye harufu kali. Na yeyote anayesoma hapa akiwa mjamzito, akiwa na umri chini ya miaka 16, au akiwa amekoma hedhi na sasa anawashwa kwa mara ya kwanza, asijitibu dukani. Kwa aliyekoma hedhi hasa, muwasho wa muda mrefu wenye ngozi nyeupe iliyosinyaa una magonjwa yake, na lazima uangaliwe kwa macho ya daktari.

Ukishapata majibu niandikie tena, uniambie jina la kimelea waliyemwotesha na uchachu ulikuwa kiasi gani. Hata wakikuambia hawakuona kitu, niandikie. Jibu hilo nalo lina tiba yake.